Jibu: Timu yangu ya ghala inaficha makosa, nifanyeje?

Mkuu, hongera kwa cheo. Umesema vijana uliokuwa nao zamu moja sasa wanakuitikia "sawa bosi", halafu mzigo unatoka pungufu na hakuna anayesema. Mimi hapo sioni uvivu, naona woga.

Mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alipochunguza wodi za hospitali Marekani miaka ya 1990, alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Hawakuogopa kusema. Toyota nao huwawekea mafundi wanaounganisha magari kamba ya kuvuta au kitufe cha kubonyeza wakiona kasoro, na kiongozi wa timu huja hapo hapo kusaidia.

Kwa hiyo chunga sana kauli yako ya kwanza. Kijana akija kukwambia katoni mbili zimepakiwa kwenye lori lisilo lake, usianze na "nani kafanya?" Uliza lori limefika wapi, tunazirudishaje, na kwenye karatasi ya kupakilia ni wapi palipomchanganya. Wenzake wanasikiliza pale kwenye rafu, na ndipo wanapoamua kama kesho watasema au watanyamaza. (Wizi ni jambo jingine, una taratibu zake.)

Malengo ya timu yaandike ubaoni, mawili tu yanatosha.

Halafu yule mwenzako uliyesema naye alikitaka hicho cheo, kaa naye peke yake wiki hii hii. Mpe jukumu la kweli, mathalani kuhesabu stoo, na usimsimamie begani.