Mama, magoti na sanamu za Yorkshire

Shangazi, shikamoo. Mama amenitembelea hapa Leeds, Uingereza, kutoka Tanga, magoti yanamsumbua. Nimpeleke Yorkshire Sculpture Park, ile bustani ya sanamu, au nitamtesa bure? – Binti wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Mpeleke, ila usimtembeze kote. Lile shamba la mabwanyenye wa zamani, Bretton, ilipo bustani hiyo, lina ekari kama 500, vilima na maziwa mawili. Mimi nilikwenda na makubadhi (usinicheke), umande ukanitia adabu.

Anzeni kwa mchongaji Henry Moore. Sanamu zake kubwa za shaba nyeusi zimewekwa malishoni kabisa, na kondoo hujikuna nazo, wengine hulala kivulini mwake. Moore, mtoto wa mchimba makaa, alizaliwa mwaka 1898 Castleford, jirani tu, na mwenyewe aliwapenda hao kondoo. Mama atawafurahia kuliko sanamu, nakwambia. Kisha mchongaji Barbara Hepworth, mzaliwa wa Wakefield: watu wake tisa wa shaba wamesimama mteremkoni kama ukoo unaongoja kupigwa picha ya harusi.

Mama akichoka, ulizeni banda la zamani la kulungu. Mwaka 2006 msanii James Turrell aliligeuza chumba chenye viti vya ukutani na tundu la mraba darini. Unakaa, unatazama mbingu, basi. Nilikaa nusu saa mawingu yakipita, nikasahau soksi zilizolowa.

Viti vyenyewe ni baridi. Mbebee Mama khanga mbili za kukalia.