Maswali Yenu: Udongo, Manjano na Katani

SWALI: Nachota udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nauchanganya na maji na kuchora kwenye ubao. Ukikauka unapasuka, na nikipitisha mkono unabaki kiganjani. Nakosea wapi?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Pawili, ndugu yetu: hukuuosha, na hukuutia gundi. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba. Ukikauka husinyaa, na tabaka likiwa nene ndipo nyufa zinapotokea. Maji nayo hayashiki kitu. Yakishakauka, kilichobaki ni vumbi.

Twanga kilo moja ya udongo mkavu, uutie kwenye ndoo yenye lita 5 za maji. Koroga, subiri nusu dakika mchanga utuame, kisha mimina maji ya tope kwenye ndoo nyingine, mchanga ubaki chini. Yaache yalale. Asubuhi mwaga maji ya juu, tia mengine, rudia mara mbili au tatu. Wengi huiruka kazi hii, halafu hushangaa picha ikiota ukungu mweupe: hiyo ni chumvi, na udongo wa karibu na bahari haukosi. Tope laini lianike, lisage, lichekeche kwa kitambaa chepesi.

Gundi iko kwenye mkorosho. Okota utomvu uliokauka kwenye shina (si mafuta ya ganda la korosho, hayo huunguza ngozi). Ponda gramu 50, loweka kwa mililita 150 za maji ya moto hadi kesho yake, chuja, tia matone mawili ya mafuta ya karafuu isivunde. Vijiko viwili vya udongo kwa kimoja cha gundi, na maji kidogo hadi iwe kama uji mwepesi. Jaribu pembeni, acha ikauke, sugua kwa kidole. Ikitoka, ongeza gundi. Iking'aa na kupasuka, gundi imezidi. Asali nusu kijiko cha chai huilainisha, ila ukiizidisha picha haikauki, na watazamaji wa kwanza watakuwa sisimizi. Paka tabaka mbili nyembamba. Picha ikae ndani, mvua itaiosha.

SWALI: Nilichanganya manjano ya jikoni na chokaa nipake ukuta. Ikageuka damu ya mzee!
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Manjano ikikutana na chokaa, magadi au hata sabuni hugeuka hivyo hivyo. Na hata usipoichanganya na chokaa, jua huififisha upesi. Tumia udongo wa njano, ambao hauhofii chokaa. Ukiukaanga kwenye chuma kikavu hugeuka mwekundu, kwa hiyo shimo moja linakupa rangi mbili.

SWALI: Katani ninayoipika na magome ya mkandaa (aina ya mkoko) inatoka mabakamabaka.
Msomaji, Pongwe, Tanga

JIBU: Ni nta na masalia ya jani. Kwa gramu 100 za nyuzi, chemsha lita 3 za maji na kijiko cha chai cha magadi, nusu saa, kisha suuza hadi maji yawe meupe. Ziingie kwenye rangi zikiwa bado mbichi kwa maji, zielee bila kubanana, uzigeuze mara kwa mara, zipoe humohumo sufuriani. Magome omba kwa wauza boriti wenye kibali. Usibandue mkoko uliosimama. Ukitaka nyeusi, tia misumari michache yenye kutu. Michache tu, maana chuma kikizidi nyuzi hukatika.