Chuma, pua au feleji?

SWALI: Naandika historia ya kampuni ya Nippon Steel ya Japani. Nitumie “chuma”, “chuma cha pua” au “feleji”? Na je, ni sahihi kusema kiwanda chake cha Yawata “kilifua chuma”?

JIBU: Angalia kwanza unazungumzia hatua gani ya kazi. Tanuri la Higashida pale Yawata, lililowashwa Februari 1901 kwa utaalamu wa Wajerumani, lilitoa chuma ghafi, chenye kaboni ya takriban asilimia 4. Ni kigumu, lakini hupasuka kikigongwa. Hapo andika “chuma ghafi”, na kitenzi chake ni “kuyeyusha”. Ukiandika kwamba tanuri lile lilitoa pua, umepotosha historia yenyewe. Hata hicho chuma ghafi kilisumbua: koki (makaa ya mawe yaliyookwa, fueli ya tanuri) ilikuwa duni na umbo la tanuri lilikuwa na kasoro, likazimwa 1902. Lilikuja kufanya kazi sawasawa 1904, baada ya mhandisi Mjapani Noro Kageyoshi kulirekebisha.

“Chuma cha pua”, au “pua” peke yake, ni chuma kilichopunguzwa kaboni hadi chini ya asilimia 2, mara nyingi chini ya 1. Reli, nondo na mabamba ya meli ni pua. Kwa hiyo Yawata ilipoanza mwaka 1957 kupuliza oksijeni ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuunguza kaboni, ilikuwa ikitengeneza pua. Wapo wanaoliweka neno hili kwa masufuria na masinki yasiyopata kutu tu. Nawasihi waache, maana reli ni pua na kutu inaila. Hicho kingine kiite “chuma kisichoshika kutu”.

“Feleji” ni pua bora, ya panga. Iache huko.

“Kufua” ni kugonga chuma cha moto kwa nyundo, kazi ya mhunzi. “Kiwanda cha kufua chuma” limeshazoeleka kama jina na silipingi, ila unapoeleza hatua tenganisha: kuyeyusha, kusubu (kumimina kwenye kalibu), kisha kupitisha kati ya rola.

Usichanganye pia vitenzi vya biashara. Mwaka 1970 kampuni mbili za chuma, Yawata na Fuji, ziliungana kuwa Nippon Steel. Mwaka 2025 U.S. Steel ya Marekani ilinunuliwa na Nippon Steel.