Shangazi Anajibu: "Mume Wangu Anazuia Unabii Wangu"

*Bwana asifiwe Shangazi. Naishi Busia upande wa Uganda, nina watoto watatu na ndoa ya miaka 11. Tangu mume wangu apoteze kazi ya kuendesha lori mwaka jana mambo yamekuwa magumu sana. Lakini mtumishi wetu alinitolea unabii kwamba ndani ya miezi mitatu Mungu anageuza historia yetu, nami nimefunga, nimekesha, neno langu ni Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anatuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini. Mume wangu haji kesha hata moja, anasema amechoka, yeye ni mihogo tu kwenye shamba la kukodi, jioni anarudi na matope miguuni anakula analala. Sasa ni mwezi wa nne na unabii haujatimia, naona ni kutoamini kwake kunakozuia. Niendelee kukaa na mtu kama huyu? Ile meza yangu ya dagaa niliiacha ili nimtumikie Mungu vizuri, na ile pesa ya SACCO nilishaitoa mbegu, sadaka ya kupanda ili unabii utimie. Mama Watatu.*

Mama Watatu, asifiwe milele. Pole kwa kazi ya mzee kuisha, nyumba yenye watoto watatu bila mshahara si mchezo. Pole imeisha, tuongee.

Mimi barua nazisomaga kuanzia chini kwenda juu, maana watu wanapenda kuficha mwiba kwenye mstari wa mwisho. "Ile pesa ya SACCO." Ile ipi? Unaiandika kama vile mimi naijua, hujasema ni kiasi gani, hujasema ni akiba au mkopo. Kama ni mkopo, mdhamini ni nani? Nina wasiwasi mdhamini ni huyo huyo wa matope miguuni. Na nina wasiwasi mkubwa zaidi kwamba ameshajua, watu wa SACCO wanapiga simu mama, na "nimechoka" ya mwanaume siku hizi ina maana nyingi.

Tuje kwa neno lako. Yeremia 29:11 najua umeibandika ukutani, kila nyumba ya mlokole hapa Uganda iko nayo, hata nyuma ya teksi. Sasa fungua Biblia yako usome mstari wa 5, wa 10 na sura nzima ya 28, taratibu. Ile ilikuwa barua, Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Na kwenye hiyo sura ya 28 kuna mtumishi mwingine, Hanania, aliyetangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yanarudi kama zamani. Watu walimpenda, nani hapendi miaka miwili? Yeremia akaja na hesabu yake, miaka 70! Na akawaambia wafanye nini hiyo miaka yote? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, waombee amani mji ule ule uliowateka. Hanania alikufa mwaka huo huo.

Sasa niambie, kwenye nyumba yako nani anapanda bustani? Wewe umeshika mstari wa 11 mkononi na mzee ameshika wa 5 kwa jembe, halafu unaniuliza mimi nani haamini.

Na kuna sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe amefungwa, na hapo ndipo ananunua shamba kwa binamu yake kule Anathothi, shekeli 17 za fedha, anaweka mashahidi, hati inatiwa kwenye chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Hakuna mtu mwenye akili za biashara angenunua shamba lile siku ile. Kwangu huo ndio unabii mtamu kuliko yote, kwa sababu aliyeutoa alilipa mwenyewe kutoka mfukoni mwake. Mtumishi wako alikulipisha wewe. Kwa hiyo ukimwona mzee wako amekodi kipande cha ardhi wakati mfuko umetoboka, usiniambie hana imani.

Mimi nililelewa wakati wa Amin. Sukari ilikuwa ya magendo, sabuni hakuna, mama alikuwa anaponda majani ya mpapai anafulia nguo zetu, povu la kijani mpaka kwenye viwiko. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa watu wazima walilia mbele yetu watoto, na mama jioni alisoma Habakuki 3, mtini hautachanua, zizini hamna kundi, halafu akifika "walakini nitamfurahia Bwana" anarudia hilo "walakini" mara mbili tatu. Sikumsikia hata siku moja akimwekea Mungu tarehe. Asubuhi alikuwa kwenye viazi kabla hatujaamka. Amin alitoka 1979, mama alikuwa bado na viazi.

Tarehe mama, tarehe ni kitu cha hatari. Wewe ni wa Uganda, Kanungu unaijua. Waumini wa dhehebu moja kule waliambiwa dunia inaisha na mwaka 1999, wakauza mali zao, tarehe ikapita, na Machi 17, 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa lao. Simfananishi mtumishi wako na wale, sijui hata sura yake, lakini unabii ukipitwa na tarehe yake halafu mume akatafutiwa kosa, hapo mimi nasimama.

Ndoa za siku hizi zimekuwa hivi, mke ana baba wa kiroho, mume ana marafiki wa stendi, siri ya nyumba inajulikana madhabahuni na kwenye simu kabla haijajulikana kitandani, halafu tunasema shetani anapiga ndoa, shetani gani, tumemrahisishia kazi amekaa tu anakunywa chai.

Kumwacha huyo mtu? Hapana, na swali lenyewe linanikera. Kesho rudi kwenye meza yako ya dagaa, Paulo aliwaandikia Wathesalonike wenye tabia kama yako kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Kesha nenda Ijumaa moja kwa mwezi, inatosha, Mungu si kiziwi. Jumamosi chukua jembe la pili ufuatane na mzee shambani, na huko huko, mkiwa mmekaa kivulini mnakunywa maji, mwambie kiasi chote cha ile pesa bila kupunguza hata shilingi. Halafu niandikie alisema nini, maneno yake yeye, usiyatafsiri.