Kupima zuplanktoni na metali nzito: sampuli huharibikia mtumbwini

Mtu akitaka kujua kama zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita au majitaka ya Mwanza yanawadhuru zuplanktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea katika maji ya Ziwa Victoria, swali la kwanza huwa ni maabara ipi ina mashine nzuri. Mashine ni jambo la baadaye. Sampuli nyingi huwa zimeshaharibika kabla mtumbwi haujarudi ufukweni, na mashine nzuri itaupima uharibifu huo kwa usahihi mkubwa.

Anza na wavu. Nyavu nyingi za planktoni huja na kikombe cha mwisho cha ile metali ya manjano ya koki, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Mvuvi naye atakusaidia kwa moyo mweupe: atakufungia risasi za nyavu ziwe uzito wa kuzamishia. Kwa kuhesabu viumbe, wavu huo hauna neno. Kwa kupima metali zilizomo miilini mwao, haufai kabisa. Tengeneza wa pili wenye pete na kikombe cha plastiki, na uzito uwe jiwe lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Injini izimwe, na nanga yenye mnyororo uliopakwa zinki ishushwe mbali na unapochota. Glovu ziwe zisizo na unga, kwa sababu unga huo mara nyingi una zinki.

Chupa za plastiki za maji loweka kwa asidi nitriki ya asilimia 10 kwa saa 24, kisha suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni. Chuja maji kwa mchujo wa mikroni 0.45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwanza, ndipo utie asidi mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2. Mililita 2 za asidi kali kwa lita kwa kawaida hutosha. Ukigeuza mpangilio, asidi itang'oa metali zilizoshikamana na chembe za tope na utaziripoti kana kwamba zilikuwa zimeyeyuka majini. pH pima kwa kudondoshea tone kwenye karatasi, usiichovye karatasi chupani. Zebaki ina masharti yake: chupa ya kioo yenye kifuniko cha ndani cha tefloni, na sampuli ihifadhiwe kikemikali au ipimwe ndani ya saa 48. Na katika kila sampuli kumi, chupa moja iwe ya maji safi uliyoyabeba kutoka maabara na kuyamimina mlemle mtumbwini. Chupa hiyo ikisoma shaba, shaba ni yako, si ya ziwa.

Kuhesabu viumbe ni rahisi zaidi, ila kuna mitego. Wavu wa matundu ya mikroni 63 huwanasa kopepodi na kladosera (jamaa wadogo wa kaa na kamba), lakini rotifera, ambao ni wadogo zaidi, wengi hupenya. Hao chota lita 10 za maji na uyapitishe kwenye chekecheke ya mikroni 30 hivi. Wavu wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 30, ukivutwa wima kutoka mita 10, huchuja lita 707. Ukiikusanya sampuli kuwa mililita 100, ukahesabu mililita moja mara tatu na kupata wastani wa viumbe 42, jumla ni 4,200, sawa na takriban 5,940 kwa mita ya ujazo. Maji yakiwa ya kijani kwa mwani, wavu huziba na hesabu hiyo ni uongo. Vuta kwa kina kifupi mara kadhaa, au funga mita ya mtiririko mdomoni.

Kuhifadhi, changanya sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za sampuli, na utie gramu 4 za sukari kwa kila mililita 100. Bila sukari, gamba la kladosera huvimba na mayai humwagika, nawe utaandika kwamba majike hawazai. (Fomalini husababisha saratani. Fanyia kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni.)

Sasa tafsiri. Dagaa hula zuplanktoni, na zuplanktoni wengi hushuka chini mchana na kupanda usiku. Ukichukua kituo kimoja saa mbili asubuhi na kingine saa nane mchana, umelinganisha saa, si uchafuzi. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huyachanganya maji ya ziwa, wakati miezi mingine mingi hujigawa kwa matabaka na ya chini huishiwa oksijeni. Oksijeni ikiisha, oksidi za chuma na manganizi kwenye mashapo huyeyuka na kuziachia metali zilizokuwa zimenaswa humo. Kwa hiyo pima halijoto na oksijeni kila mita moja, kila kituo.

Kipimo cha Shannon, namba moja ya kueleza wingi wa aina za viumbe mahali, hupendwa mno kuliko kinavyostahili. Spishi nne zenye idadi sawa hutoa 1.39 ukitumia logi asilia na 2.0 ukitumia logi ya msingi wa 2. Usipotaja msingi, namba haina maana. Tena spishi nne za kladosera wanaodhurika upesi zikiondoka na nafasi zao kushikwa na spishi nne za rotifera wavumilivu kwa idadi ileile, kipimo hakitikisiki. Weka orodha ya spishi mbele, kipimo nyuma.

Kosa linalotuudhi kuliko yote ni kulinganisha matokeo na viwango vya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani huruhusu shaba hadi mikrogramu 2,000 kwa lita kwa mnywaji. Mwongozo wa Kanada wa kulinda viumbe wa maji laini ni mikrogramu 2. Kwa zebaki, ni 6 dhidi ya 0.026. Ziwa Victoria lina chumvi chache, na upitishaji umeme wake hukaribia mikrosimensi 100 tu kwa sentimita, hivyo kalsiamu ya kushindana na shaba au kadimiamu kwenye miili ya viumbe ni kidogo.

Bado unashuku metali? Chukua maji ya kituo hicho, uyagawe mara mbili, na kila upande uweke kladosera wachanga wasiofikisha saa 24 tangu kuzaliwa. Upande mmoja tia kidogo kemikali iitwayo EDTA, ambayo hufunga shaba, zinki na kadimiamu. Uwe pia na maji safi yenye EDTA ileile, maana ikizidi nayo huua. Baada ya saa 48, wenye EDTA wakiwa hai na wenzao wamekufa, una haki ya kuandika neno metali. Wakifa wote, tafuta kwingine: viuatilifu, amonia, au sumu ya mwani wenyewe.