Kinywaji cha matunda ya kwenye friza kikitoka majimaji: jibu kutokana na makosa yangu mwenyewe

Mwenzetu ameuliza kwa nini kinywaji chake hutoka chepesi kama maji yaliyotiwa rangi, ilhali yeye huyatoa matunda kwenye friza tangu usiku, huyaacha yayeyuke hadi asubuhi, kisha huyasaga pamoja na vipande vya barafu. Ameuliza pia kama matunda hayo yanaweza kumfaa kwa kifungua kinywa bila kumlazimu aamke mapema zaidi. Nimekuwa nikigandisha matunda nyumbani kwa takribani miaka sita, na kosa hilohilo nililifanya miezi ya mwanzo, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Tunda linapoganda, maji yaliyomo ndani ya seli zake hugeuka kuwa fuwele za barafu, na fuwele hizo huzitoboa kuta za seli. Friza za nyumbani hugandisha polepole, na kadiri kuganda kunavyochelewa ndivyo fuwele zinavyokua na kuharibu zaidi. Likiwa gumu huoni kasoro yoyote, lakini likishayeyuka, kuta hizo haziwezi tena kushika maji; juisi huchuruzika na nyama ya tunda hulegea. Ukija kuongeza barafu juu ya tunda la namna hiyo, unatia maji juu ya maji. Tangu nilipolielewa jambo hili nimeacha kuliona tunda lililoganda kama tunda bichi linalosubiri kuyeyushwa. Kwenye kinywaji naliingiza likiwa gumu, ili lenyewe liwe ndilo barafu; kwenye chakula naliacha liyeyukie humohumo, ili juisi yake isipotee.

Kwa kinywaji cha mtu mmoja mimi hupima kikombe kimoja cha maziwa au mtindi kwa kikombe kimoja na nusu cha vipande vilivyoganda. Maziwa hutangulia kwenye blenda, na vipande vigumu hukaa juu, kwa sababu visu vikikutana na vipande vigumu pasipo maziwa huzunguka bure na mota hupata moto. Blenda yangu ya kwanza niliiunguza kwa kuilazimisha. Siku hizi ikigoma naizima, nakoroga kwa mwiko, naongeza maziwa kijiko kimoja kimoja. Na kama blenda ni ndogo, vipande vikae mezani dakika kumi kwanza. Nusu ya ndizi mbivu iliyogandishwa hufanya kinywaji kiwe kizito kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Sukari usiikimbilie, kwani ubaridi hupunguza utamu unaousikia ulimini: onja, subiri kidogo, onja tena.

Nanasi lina mambo yake. Usiku mmoja nilisaga nanasi na mtindi nikaweka kwenye friji ili asubuhi nisisumbuke, na kulipokucha kinywaji kilikuwa kichungu kama shubiri. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini za maziwa, na kugandisha hakukiui. Moto ndio unaokiua. Papai na kiwi nazo zina vimeng'enya vya tabia hiyo. Matunda hayo matatu yasage kwa maji au juisi, au ukitumia maziwa, unywe papo hapo.

Kuhusu kutoamka mapema, jibu langu ni oti za usiku. Kabla ya kulala natia kwenye chupa yenye mdomo mpana kikombe nusu cha oti na kikombe nusu cha maziwa, naweka vipande vya embe juu vikiwa bado vimeganda, nafunika na kuweka kwenye friji. Usiku kucha embe huyeyuka taratibu, juisi inashuka na kunywewa na oti, na ule ulegevu unaochukiza kwenye sahani hapa hauonekani kabisa. Uji wa moto nao huupokea vizuri: tia vipande baada ya kuepua, vitayeyuka na kuupoza uji kwa wakati mmoja. Kwa pankeki, viviringishe vipande kwenye unga mkavu na uvitie bila kuviyeyusha, la sivyo rojo hulowa na kubadilika rangi.

Ukigandisha mwenyewe, subiri tunda liive barabara, kwa kuwa tunda lisiloiva halitaongeza utamu ndani ya friza. Osha, kausha, menya, kata, kisha tandaza vipande kwenye sinia bila kugusana hadi vigande, ndipo uvitie kwenye mfuko wa kugandishia na kukamua hewa. Nilipoiruka hatua ya sinia nilipata jabali moja la embe lililohitaji nyundo, na ndizi nilizogandisha na maganda yake zilinibidi kuzichonga kwa kisu. Friza iwe kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Mimi huyamaliza matunda yangu kabla ya mwaka kwisha, kwa ajili ya ladha.

Jambo moja la usalama: baridi hulaza vijidudu tu, haiviui vyote. Stroberi na jamii ya beri zinazouzwa zikiwa zimegandishwa zimewahi kueneza virusi vya homa ya ini ya aina ya A na virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, kwa hiyo zile za dukani mimi huzichemsha kwa dakika moja kamili na kuzipoza, hasa zikiwa za watoto, wazee au mama mjamzito.

Na yale uliyokwisha kuyayeyusha usiyatupe. Yatie kwenye sufuria pamoja na juisi yake yote, yachemke kwa moto mdogo hadi yawe mazito, kamulia limau kidogo, na mchuzi huo utaukuta mtamu juu ya mtindi au uji kwa siku tatu au nne ukiuweka kwenye friji.