Mtihani Jumamosi, na Mimi ni Msabato

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Moshi, nasali kwa Wasabato. Rasimu ya ratiba ya mitihani imebandikwa, na somo la takwimu limewekwa Jumamosi saa 3 asubuhi. Kiongozi wa darasa ananishauri nitafute cheti cha hospitali kisha nifanye sapu, yaani mtihani wa marudio. Baba anasema nisiende tu, Mungu atafungua njia. Zimebaki wiki tatu. – Binti wa Pasua

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hicho cheti kiache huko huko kiliko. Utaitunza amri ya nne, ile ya Sabato, kwa kuvunja ya tisa, ile ya kusema uongo. Baba yako namheshimu, ila Mungu akifungua njia mara nyingi huipitisha ofisi ya mitihani, na ofisi nyingi za umma hufungwa saa 9:30 alasiri. Ukikosa mtihani bila ruhusa unahesabiwa umefeli, na ukiwa na masomo mengine mabovu unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Nimepanga ratiba chuoni mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakuhakikishia hakuna aliyekulenga. Takwimu husomwa na kozi nyingi kwa pamoja. Zikikusanyika, ukumbi mkubwa ni ule mmoja, na Jumamosi ndiyo siku uko wazi. Wala sisemi ni haki. Jumapili hakuna anayethubutu kuigusa, Pasaka na Idi zimo kwenye sikukuu za taifa, lakini Jumamosi huonekana ni siku ya mabaki.

Rasimu hubandikwa ili watu waseme. Basi sema wiki hii, kwa maandishi. Barua iende kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya mitihani na kwa mshauri wa wanafunzi, pamoja na barua ya mchungaji wako. Mkiwa Wasabato kadhaa, andikeni moja. Najua utatamani kuanza na ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa dini. Iweke mwishoni, sentensi moja. Barua inayoanza na Katiba hupelekwa kwa mwanasheria wa chuo, na huko itakaa mpaka matokeo yatoke.

Anza na ombi linalotekelezeka. La kwanza, somo lihamishiwe siku ya kazi. Wakishindwa, ombeni kufanya mtihani ule ule jioni ile ile, Sabato ikiisha jua linapozama. Hofu ya chuo ni maswali kuvuja, kwa hiyo jitoleeni wenyewe: kabla wenzenu hawajaingia ukumbini, mnakabidhi simu na kukaa chumba kimoja na msimamizi hadi zamu yenu. Mtasali na kusoma Biblia humo. Daftari la takwimu hamlitaki siku hiyo hata hivyo. Jua la Moshi huzama kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni mwaka mzima, basi ombeni saa 1 usiku, msigombanie dakika. Ulizeni pia kama kuna jenereta. Na huyo msimamizi anaipoteza Jumamosi yake kwa ajili yenu, mwandalieni chakula.

Wapo watakaokuambia ungesoma Chuo Kikuu cha Arusha, pale Usa River, ambacho ni cha Wasabato wenyewe. Ni chuo kizuri, lakini wewe uko mwaka wa pili na ada imeshalipwa.

Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Siku tano za kazi zikipita kimya, rudi ukaulize.

SWALI: Maabara yetu ni Ijumaa saa 6 hadi saa 9, sala ya Ijumaa inanipita kila wiki. – Mwislamu wa Njiro, Arusha

JIBU: Hapa huhitaji barua kwanza. Maabara kwa kawaida hugawanywa makundi. Tafuta mwenzako wa kundi la siku nyingine anayekubali kubadilishana, mwende wawili kwa mwalimu. Ukienda peke yako unampa kazi ya kutafuta. Mkienda wawili anabadilisha majina tu. Na mitihani ikiangukia mwisho wa Ramadhani, muulizeni mpangaji ratiba mapema asiweke kitu siku zote mbili zinazoweza kuwa Idi, maana mwezi unaweza kuandama usiku wa 29 au ukatimiza 30.